Ya Sufuria au ya Dawa: Miaka Yangu na Kulinjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea mzizi. Nalisema mapema ili kijana anayesoma asidhani ameshika maneno ya mtaalamu. Shule yangu iliishia darasa la saba, Rungwe, na haya ninayoandika nimeyapata jikoni na dukani, kwa mkono na kwa pua. Inawezekana mengine si sahihi. Nitajitahidi kutenganisha nilichokiona, nilichoambiwa, na ninachodhani tu.

Duka lilikuwa Mbeya mjini, la familia ya Kihindi iliyokaa pale tangu enzi za babu zao. Waliuza viungo: iliki, mdalasini, karafuu, manjano, bizari za kila namna. Mwenye duka tulimwita Bwana Mkubwa, naye alikaa mbele kwenye mizani. Nyuma, jikoni na stoo, alitawala mke wake. Watoto wake walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, na sisi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo.

Asubuhi ile Ba alitandika gunia sakafuni akaweka mizizi mitatu.

"Tusa, chagua tangawizi."

Jina langu ni Tusajigwe, lakini tangu siku hiyo pale dukani nikawa Tusa. Nikaokota mzizi uliokuwa mbele yangu, wenye ngozi ya wekundu hafifu na alama za pete pete.

"Nusa."

Nikanusa. Nikaunusa tena.

"Sema, usiogope. Inanukaje?"

"Inanuka mbao, Mama. Mbao ya paini iliyopasuliwa leo."

Ba alicheka mpaka akajishika kiuno. Akamwita mumewe kule mbele: "Njoo usikie huyu! Anasema tunauza mbao!" Kisha akanigeukia. "Hiyo ni kulinjani. Ndugu yake tangawizi, lakini haina tabia moja. Ukimtilia mtu kwenye chai kama unavyotia tangawizi, utakuwa umemnywesha mlango."

Nilidhani nimefukuzwa kabla sijaanza. Kumbe alipenda kwamba nimesema nilichonusa, wala sikusema nilichodhani anataka kusikia. Hivyo ndivyo alivyonieleza baadaye. Mimi najua nilisema vile kwa woga tu.

Sasa kazi yenyewe. Kulinjani mbichi ni ngumu kuliko tangawizi na ina nyuzi ndefu. Haikwaruzwi. Unachukua kisu kizito, unaikata kukingama na nyuzi zake, vipande vyembamba kama sarafu. Vinaingia sufuriani maji yakiwa bado ya baridi, na vinatolewa kabla ya kupakua, maana hailiwi. Kazi yake ni kuacha harufu na kuondoka. Inapenda limau, inapenda nazi, inapenda samaki na mbuzi, inaondoa shombo. Ukizidisha, mchuzi wote unakuwa kama dawa ya kusugulia mgongo.

Kavu ni kama kuni. Unaanza kuipasha kwenye kikaango kikavu mpaka harufu ipande, ndipo inakwenda kwenye kinu cha shaba, ndipo kwenye chekecheo. Yale makapi yanayobaki juu ya chekecheo hayatupwi. Ba alinifundisha kuyafunga kwenye kitambaa na kuyatumbukiza kwenye sufuria ya dengu. Dengu ile ukiila siku ya baridi ya Mbeya, ile baridi ya Juni inayoingia hadi kwenye mfupa, unatoka jasho nyuma ya masikio.

Ba hakula nyama wala samaki maisha yake yote, lakini supu ya mbuzi aliijua kwa pua. Alikuwepo mama mmoja muuza supu aliyekuwa akileta bakuli lake mlango wa nyuma. Ba anajifunika pua kwa mtandio, anaufunua kidogo, anaufunika tena. "Umezidisha kulinjani. Toa nusu, tia limau." Yule mama anakwenda analalamika, kesho yake anarudi kununua limau.

Lakini watu wengi hawakuja kwa ajili ya supu. Walikuja kwa koo, kwa mafua, kwa tumbo lililojaa gesi, kwa kichefuchefu, kwa harufu ya mdomo. Waimba kwaya walikuja Jumamosi jioni; walitafuna kipande chembamba na chembe ya chumvi ili sauti ifunguke Jumapili. Nimeona mtu akiingia dukani anaongea kama gunia linaburutwa, akatafuna, akakaa kidogo, akaongea vizuri. Hilo nimeliona mwenyewe. Kwamba inatibu, hilo sijaliona. Inatuliza. Maneno haya mawili Ba hakukubali yachanganywe dukani kwake.

Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Kila anayeomba kulinjani tulimwuliza: "Ya sufuria au ya dawa?" Akisema ya sufuria, anapimiwa anavyotaka. Akisema ya dawa, unauliza ni ya nani, na kama ni mjamzito au ana vidonda vya tumbo au anameza vidonge vya hospitali, unamwambia akaulize kwanza huko huko. Halafu unampa kipande kisichozidi pingili ya kidole gumba. Akirudi kwa shida ile ile, unampa tena. Akirudi mara ya tatu, humpi.

"Hata akilia?" niliuliza.

"Hata akilia. Mara ya kwanza ni koo. Mara ya pili ni koo bado. Mara ya tatu si koo tena, ni kitu kimejificha nyuma ya koo, na sisi tunakifunika na harufu nzuri. Mwambie aende hospitali."

Bwana Mkubwa hakuipenda sana desturi hiyo. Alikuwa akikohoa kidogo kwenye mizani mteja akirudishwa. Lakini hakuwahi kuivunja.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Igowole, huko Mufindi, kwenye tawi dogo. Huko mkubwa wangu alikuwa Karani wa Tawi, mzee wa Kilutheri, mpole, aliyevaa koti la sufu jua lichomoze lisichomoze. Wateja walikuwa wachuma chai na wapasua mbao. Kila mtu alikohoa.

"Dada Tusa," Karani aliniambia, "huku kwetu ukimnyima kila anayerudi mara ya tatu, tutabaki mimi na wewe tunauziana."

Alikuwa na haki, sikatai. Baridi ya Mufindi na vumbi la mbao vinamkohoza hata mzima. Nikaishika desturi hivyo hivyo. Mpasua mbao mmoja nilimnyima, akanitukana mbele za watu: "Dawa ya mizizi nayo ina polisi siku hizi?" Watu wakacheka. Miezi ikapita akarudi na jogoo kwapani. Hospitali walikuta kifua kikuu, akaanza dozi. Karani alilisimulia hilo kanisani.

Ila lazima niandike na la upande wa pili. Yuko mama mmoja nilimnyima vilevile, akafunga safari hadi hospitali ya wilaya, akapoteza siku nzima ya kuchuma, akaambiwa ni mafua. Hakunisalimia tena. Nikimpa kamwene, salamu ya huko, sokoni, anaangalia viazi. Huyo naye nilimkumbuka mara nyingi kuliko yule wa jogoo.

Bwana Mkubwa alipofariki, mtoto wao alifungua duka Iringa mjini akamchukua mama yake, na Ba akasema hahami bila Tusa. Ndivyo nilivyofika Iringa nikapanga Ipogolo, kule chini barabarani, nikawa napanda mjini kila asubuhi. Mtoto huyo tulimwita Meneja. Kijana mchapakazi, wa simu mbili. Alitengeneza pakiti za kulinjani ya unga zilizoandikwa "Kwa koo, tumbo na nguvu." Mimi yale maneno yalinitia wasiwasi, hasa hilo la nguvu. Nilimwambia. Akajibu, "Dada Tusa, wenzetu wanaandika magonjwa kumi na mawili. Mimi nimeandika matatu." Kwa kweli alikuwa mkweli kuliko wenzake.

Ba alikuwa amezeeka. Magoti hayakumruhusu tena kushuka ngazi za stoo, kwa hiyo funguo nilishika mimi. Lakini sauti yake ilikuwa ile ile. Kila asubuhi aliwasha taa yake ndogo ya ibada jikoni, akaimba nyimbo za dini yao, nami nasaga. Sikuelewa neno hata moja. Mkono wangu ulikuwa umezoea kupiga kinu kwa mwendo wa sauti yake.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Aliomba kipande na chumvi, nikampa. Ikafunguka, akaimba. Baadaye ikakwaruza tena zaidi. Akaomba kipande na asali na limau. Nikampa. Ikafunguka nusu. Akaimba akirukia zile sehemu za juu, kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nasaga, nasikiliza. Nilijiambia ni baridi. Nilijiambia ni uzee. Nikajiuliza, hivi desturi inahesabu na mwenye desturi?

Nilianza kuiogopa siku atakayoomba tena. Nikawa naingia jikoni kwa kunyata. Akikohoa tu, nashika kazi ya kelele ili nisisikie akiniita. Nilipiga kinu hata kisipokuwa na kitu.

Siku ikafika.

"Tusa, nikatie kipande."

Nilikuwa nachambua iliki. Sikuinua uso. "Ya sufuria au ya dawa, Ba?"

Akaufunga mtandio wake upya. Halafu akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Ya sufuria."

Nikaangalia jiko. Halikuwa limewashwa. Sufuria zote zilikuwa zimefudikizwa rafuni, kavu.

"Sufuria ipi, Ba?"

"Wewe mpishi wangu au hakimu wangu?"

"Mpishi wako. Ndiyo maana nauliza sufuria."

Uso wake ukabadilika rangi. "Duka langu. Mzizi wangu. Funguo zangu umeshika wewe, unaniuliza mimi?" Alitaka kupaza sauti, ikatoka hewa tu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko kufukuzwa. Nikamwambia, "Ba, hii ni mara ya tatu."

Meneja akaingia, amesikia vurugu. Mama yake akamwonyesha mimi kwa kidole, kama mtoto anayeshtaki.

"Mpe, Dada Tusa. Kuna nini?"

"Ni desturi yake mwenyewe, Meneja."

"Desturi ni ya wateja. Huyu ni mwenye duka. Na wewe si daktari."

"Kweli, mimi si daktari. Na nyie si madaktari. Ndiyo shida yetu humu ndani."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Sikuwa na kazi nyingine, na wanangu wawili walikuwa sekondari. Nikafungua fundo la kanga nikatoa funguo nikaziweka mezani. "Hizi hapa. Mchukulie wewe. Mimi siwezi."

Meneja alizichukua. Tulimsikia akishuka ngazi, tukasikia mlango wa stoo ukifunguliwa, kisha kimya kirefu. Ba hakunitazama, alitazama taa yake. Meneja alipopanda, mikono yake ilikuwa mitupu. Akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Ba," alisema, "umeshaomba mara ngapi?"

Ba aliweka kiganja kooni, akakiacha pale.

Meneja akanigeukia. "Nenda nyumbani, Dada Tusa." Hakusema kwa hasira wala kwa upole. Nikateremka Ipogolo sijui kama nimefukuzwa. Nyumbani sikumweleza mtu. Nilikaa nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Kesho yake nilikuta duka limefungwa. Nikasimama barazani na kikapu changu mpaka muuza vitambaa wa jirani, mzee wa Kiislamu, akanihurumia: "Wameondoka alfajiri na gari. Hospitali. Mama kakaa mbele na mtandio wake, kanuna, hajamsemesha mtu." Nikamwambia asante. Nikabaki nimesimama, maana sikujua mfanyakazi wa duka lililofungwa anapaswa kwenda wapi.

Iringa waliangalia wakampeleka Dar. Kulikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Siku zile zilikuwa mbaya. Meneja alipiga simu moja tu, akasema: "Fungua duka, Dada. Funguo za mbele ziko kwa jirani." Nikafungua. Nikauza. Kila mteja wa kulinjani nilimwuliza lile swali. Nyuma jikoni sikuweza kusaga. Mkono haukupata mwendo. Nilinunua bizari iliyosagwa mashineni nikaona aibu kuiuza.

Uvimbe ulitolewa. Ba akarudi mzima, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono. Meneja alimwuliza daktari kuhusu kulinjani, akaniletea jibu kama lilivyo, na hilo ni jambo la kiungwana kwake, maana angeweza kulipunguza: kulinjani haikuleta ule uvimbe, wala isingeuondoa. Ilituliza koo tu, na koo lililotulia halimsumbui mwenyewe aende hospitali.

Sitaki mtu aseme nilimwokoa. Waliomtibu ni madaktari. Aliyempeleka ni mwanawe, akalala kwenye kiti cha hospitali mpaka miguu ikavimba. Na huenda wangekwenda wenyewe wiki iliyofuata. Meneja husema hivyo, na siwezi kubisha. Upande mwingine, huwa najiuliza kama mara ya tatu ni kuchelewa, kama hesabu ya Ba ingekuwa mara ya pili angekuwa anaimba hadi leo. Halafu namkumbuka yule mama wa Igowole na mafua yake. Sijapata jibu. Nimekaa na mzizi huu umri wangu wote wa kazi na sijapata jibu.

Ba hakunishukuru na hakunigombeza. Asubuhi ya kwanza aliwasha taa yake, akakaa, midomo ikawa inacheza bila kitu kutoka. Nikasimama na mchi mkononi. Akageuka, akaona nimesimama, akapiga kiganja pajani taratibu, pa, pa, pa. Nikaanza kusaga. Tuliendelea hivyo mpaka nilipostaafu. Pakiti nazo zilibadilishwa. Siku hizi zimeandikwa "Kiungo" tu, na hesabu za mauzo zimeshuka, Meneja hafichi.

Sasa nimekaa nyumbani Ipogolo. Mjukuu wangu ananisomea kwenye simu yale ya kwenye magrupu: kulinjani inaponya kisukari, inaponya presha, inaponya saratani, sambaza kwa watu kumi. Namwambia asisambaze. Anasema, "Bibi, si wewe mwenyewe uliiuza?" Niliiuza, ndiyo. Nzuri kwa supu, nzuri kwa dengu, nzuri kwa mafua yanayopita na tumbo lililojaa. Nikiamka usiku nawaza ni nani saa hiyo anatafuna kipande cha saba, ananuka vizuri, na hajamwona daktari.

Siku ya mwisho kazini niliacha ombi langu hadi jioni, baada ya Meneja kunikabidhi kanga na kunishika mikono. Nikaenda jikoni. Ba alikuwa kwenye kiti chake, kikapu cha kulinjani mbichi miguuni, anazipangusa udongo. Nilisita mlangoni kama siku ile ya gunia.

"Ba, naomba kipande."

Aliinua uso. Ikabidi nisogee ili nisikie.

"Ya sufuria au ya dawa?"

"Ya kupanda, Ba."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, kicheko kile kile cha mbao, ila bila sauti. Akapekua kikapuni taratibu, akachagua mzizi mnene wenye macho mawili ya kuchipua, akautia kiganjani mwangu. Lakini hakuuachia. Alinishika na mzizi pamoja, akanivuta karibu mpaka sikio langu likagusa mtandio wake.

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya kwanza, Ba."

Akanitazama vizuri, shingo, macho, uso wote, kama ananikagua.

"Haya," akanong'ona. "Chukua."